Soli ya Kushoto

Huniletea njumu zake Jumatatu
kabla jua halijafika ukuta wa mashine ya kusaga.
Amezitia kwenye mfuko wa unga,
hataki watu wa Tandika wamwone.
Wamwone nini? Wamekwisha kumwona.
Jana mpira ulimjia taratibu
kama mtoto aliyetumwa chumvi,
kipa yuko chini, lango liko wazi,
na Pazi akaupaisha.
Ukapita mwamba, ukapita ukuta wa uwanja,
ukaenda kuangukia kwa muuza supu.

Kwa muuza supu ndiko kesi ilikosikilizwa.
"Goti hilo," akasema Kinyogoli, mfupa ungali mdomoni.
"Tangu lile teke la Mbagala, mwaka juzi,
goti halijarudi nyumbani."
"Goti gani?" Siwema wa chapati akageuza ya kwake kwanza,
ndipo akageuza ya Kinyogoli.
"Mguu wa kusimamia anauacha nyuma, kifua anakilaza.
Hata mimi nikijilaza hivyo, mpira utakwenda mbinguni.
Huyo hakufundishwa."

Kocha Ndimbo naye anasema ufundi.
Humbakiza peke yake na koni, wenzake wakishaoga:
piga, rudi, piga, rudi, mia na hamsini.
Daktari ameiinua picha kwenye mwanga wa dirisha:
kano imeshika, naiona imeshika vizuri,
lakini.
Hiyo lakini
Pazi ameipangia foleni miezi saba.

Mimi sikusomea miguu. Nimesomea kiatu,
na kiatu hakina ushabiki.
Nikaipindua njumu ya kushoto:
ukingo wa nje umelika,
meno mawili ya kisigino yamebaki visiki.
Ya kulia nzima, kama haijawahi kwenda kazini.
Anayekanyaga hivi kuna mahali panamuuma.
Nikasema moyoni: goti. Kinyogoli ale supu yake kwa amani.

Ila fundi hatupi kitu.
Chini ya meza, kwenye boksi la sabuni,
nina jozi yake ya zamani, ya enzi za chandimu,
aliyoniachia na deni juu yake
timu kubwa ilipokuja kumchukua.
Kabla ya Mbagala. Kabla ya picha na dirisha.
Nikapuliza vumbi.
Soli ya kushoto: ukingo wa nje umelika.
Meno mawili, visiki.

Nikabaki na sindano hewani.
Kumbe Siwema?

Pazi akaziona, akacheka kwa pua.
"Hizo? Fundi, hizo nilizinunua mtumba, Karume,
zikiwa zimeshalika hivyo hivyo.
Nina miaka kumi na minne. Zimenizidi saizi,
nikajaza gazeti mbele, nikacheza nazo misimu mitatu."
Akaingiza mkono ndani ya kiatu,
akapapasa kitako chake kama anatafuta funguo.
"Kulikuwa na shimo la kidole cha mtu.
Changu nikakiweka humo humo."

Mtu gani, wa nchi gani, sijui.
Labda aliumwa. Labda naye hakufundishwa.
Labda alikuwa na bustani na aliegemea jembe upande mmoja.
Njumu haikuandikwa.

Nikakata kipande cha tairi, wembamba wa sarafu,
nikakigandisha ukingo wa nje, ndani, chini ya kitambaa,
mahali ambapo kocha hatapaona wala daktari.
"Vaa. Simamia huo."
Akasimama kwa mguu wa kushoto kwenye vumbi,
mikono wazi, ulimi nje,
wapita njia wakimchungulia.
Tukahesabu pamoja. Kwenye tisa akayumba.
Kama tisa ni nyingi au chache
siwezi kusema. Sikuwahi kumpima kabla.

"Elfu mbili," nikamwambia.
Akanipa moja, akasema nyingine Jumatatu.
Lile deni la zamani
hakuna aliyelitaja.